Chemchemi Isiyo na Mwenyewe

Machi 4, 1932

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ingawa hatujambo ya mwaka huu ina kikohozi ndani yake. Bibi yako bado anaburuta mguu wa kushoto na bado anagombana na kila anayemletea fimbo. Anasema fimbo ni za wazee. Mke wa baba yako mdogo, yaani wifi yangu, amejifungua mtoto wa kike, mnono, analia kwa sauti ya mtu mzima. Yule mbuzi wako mweusi alivunjika mguu, tukamla, tusameheane. Wewe je, unakula? Karani naye ana tumbo.

Baada ya salamu, nina jambo. Mwezi wa kwanza alikuja Bwana mmoja wa Serikali pale chumvini, na mkalimani wake, kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, si mtu wa kwetu. Wakaweka meza na kiti katikati ya vyungu tukiwa tunachuja udongo wa chumvi. Bwana akataka nyumba zote kumi na nne zinazopika chumvi zitoe mtu mmoja mmoja aje mezani, akawa anauliza swali lilelile: chemchemi hii ni yako? Unajua mwenyewe tulijibu nini. Bibi yako alisema si yangu. Mimi nikasema si yangu. Mfinyanzi, ambaye nyumba yake ndiyo inayotufinyangia vyungu vyote, akasema si yangu. Tulimaliza nyumba kumi na nne hivyo, kama watu wenye adabu zao. Kofia anatafsiri, Bwana anaandika huku akitabasamu. Tulidhani amependezwa na malezi yetu.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini acha nieleze, hasira nayo inataka pa kukaa. Pale chumvini hakuna anayesema yangu. Ulipokuwa na miaka sita ulikumbatia chungu ukasema ni changu, nikakuzaba kofi ukakaa chini. Mtu mzima akisema hivyo anakosa zamu msimu mzima, maana maji yale yakiwa ya mmoja, kumi na tatu watalala njaa. Kila nyumba ina zamu yake ya kuchota na kupika, na tangu enzi za babu wa babu hakuna zamu iliyopotea. Mtu akikuuliza habari ya chemchemi unajivua, unasema si yangu, na kila aliyelelewa anajua wenyewe ni sisi sote.

Wiki iliyopita wamekuja askari wawili, wakapigilia karatasi kwenye nguzo ya banda la kuni. Nimeisoma mwenyewe, nikawasomea wenzangu. Inasema wakazi wote wameulizwa na wote wamekana, kwa hiyo mahali pale hapana mwenyewe, kwa hiyo ni pa Serikali, na Serikali imepakodisha kwa Kampuni itakayochimba chumvi kwa mashine. Mwenye pingamizi ajitokeze mbele ya Bwana tarehe 28 Juni. Kwanza watu walicheka. Mfinyanzi akaniomba nisome tena, na nilipomaliza mara ya pili kila mtu alikuwa anaangalia chini.

Wewe uko kwenye ofisi hiyohiyo ya makao makuu. Nataka mambo mawili. Nitafutie ni nani aliyeiandika karatasi hii. Na uje tarehe 28, umweleze Bwana kwa lugha yake adabu ya pale chumvini ilivyo. Tukisema sisi atadhani tunatunga. Wewe atakusikiliza, una viatu.

Shangazi yako

---

Aprili 11, 1932

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima wa afya, na nimefurahi kupata habari za bibi na za mtoto. Mbuzi si neno. Mimi nimehamishiwa chumba kipya chenye dirisha la kioo. Zamani tulilala watano, sasa tuko wawili, mimi na karani wa posta, mtu wa kukoroma lakini mwema. Kazi ni nyingi. Bwana Mkubwa ananiamini kwa sababu siharibu karatasi, na makarani wenzangu wameanza kunionea wivu kidogo.

Kuhusu habari za chumvini: shangazi, ofisi hii ni kubwa na karatasi hupita mikononi mwa wengi, si rahisi kujua ipi ni ya nani. Nitaulizia polepole. Kuhusu kuja, ruhusa huombwa kwa maandishi na hujibiwa kwa wakati wake. Haraka haraka haina baraka, wewe ndiye uliyenifundisha.

Nimempa dereva wa lori la barua kopo la chumvi ya dukani, ataliacha kwa mwenye duka lenu. Ni nyeupe kabisa, haina mchanga hata chembe. Nadhani bibi ataipenda.

Mwanao

---

Aprili 29, 1932

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto amepata vipele, vimeisha. Baba yako mdogo ameezeka upya jiko, limevuja palepale lilipokuwa linavuja.

Nilikuomba habari, umeniletea chumvi. Mtu anapika chumvi tangu kuota meno, unampelekea chumvi kwenye kopo. Bibi yako alionja kwa ncha ya ulimi akatema, akauliza kama ni dawa ya mguu. Nililirudisha dukani. Mwenye duka alilipanga kwenye rafu pamoja na mengine ishirini kama hilo, kwa sababu na yeye ameletewa na Kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo tunanyang'anywa chumvi huku tukiletewa chumvi. Sijui ofisini kwenu jambo hili mnaliita nini.

Kampuni haikungoja hiyo Juni. Amekuja msimamizi wao, tunamwita Buti, maana hayavui. Amepita nayo juu ya udongo tuliokwisha kuuchuja, akavipiga teke vyungu vya mfinyanzi kimoja kimoja, eti havilingani, haviingii kwenye vipimo. Kaleta masinia ya bati. Kazungusha waya. Sasa tukitaka kuingia tunapanga foleni tupewe kadi yenye namba, na humo ndani tunapika chumvi ya Kampuni. Mfinyanzi anakaa mlangoni kwake mikono imekauka udongo ambao hana pa kuupeleka.

Jumanne nilimwona Buti amesimama juu ya jicho la chemchemi, pale tunapochota kwa kupiga magoti, anakojoa. Mkono mmoja kiunoni, mchana kweupe, wanawake tumejaa, na alipomaliza akatikisa akaendelea kutuhesabu. Mimi nimeosha maiti, nimekamua majipu ya watu, sijawahi kuona kinyaa cha namna ile. Nilikwenda nyuma ya banda nikatapika. Niliporudi akanikata nusu siku kwa kutoka kwenye mstari.

Haraka haraka haina baraka, kweli, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Njoo. Maneno unayoyajua hayazidi matatu, hata muda wa kunywa maji hayatachukua.

Na swali langu la kwanza umelipita kando. Nani aliiandika? Nakuuliza tena kwa upole.

Shangazi yako

---

Juni 2, 1932

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nililala na homa siku kadhaa, halafu kukawa na ukaguzi. Nawasalimu wote, hasa bibi. Pole kwa yaliyokupata kazini.

Nimeulizia kwa siri. Barua hii ukishaisoma ichome. Mabwana hawa, shangazi, hawaelewi kitu cha watu wengi. Kwao kila kitu kina mtu mmoja, na mtu huyo husimama akasema. Wameandika hakuna mwenyewe kwa sababu hakuna aliyesimama. Dawa yake ni ndogo. Tarehe 28 simama mbele ya Bwana useme chemchemi ni yangu, nimeirithi kwa baba yangu. Basi. Usieleze zamu, usieleze adabu, atachoka. Mwenyewe akipatikana, ile karatasi inakufa. Baadaye mtaendelea na mambo yenu kama zamani, nani atawajua?

Mimi kuja ni vigumu. Nimeomba ruhusa, sijajibiwa.

Hilo la aliyeandika sijalipata.

Mwanao

---

Juni 14, 1932

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima.

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikanawa mikono, nikaisoma tena. Unanifundisha mimi nikaseme mbele ya watu neno nililokuzabia kofi? Na mama yangu amekaa pale anasikia? Unasema baadaye tutaendelea kama zamani, kana kwamba neno likishatoka huwa lina njia ya kurudi.

Kuna dawa nyingine, ndogo kuliko hiyo yako. Njoo wewe. Simama useme: Bwana, watu hawa ndivyo walivyofundishwa kujibu, na wenyewe ni wao wote. Ukisema hivyo mimi sitalazimika kusema lolote.

Lori la barua linafika tarehe 27. Nitakuwa dukani naliangalia.

Shangazi yako

---

Juni 21, 1932

Shangazi,

Shikamoo. Ruhusa imekataliwa. Fanya nilivyokuambia, usiogope.

Mwanao

---

Julai 8, 1932

Mwanangu,

Bibi yako anakohoa. Mtoto anaanza kukaa. Wengine sina habari zao, na nitakueleza kwa nini.

Lori la tarehe 27 lilishusha magunia na fundi cherehani mmoja na cherehani yake. Kesho yake Bwana akaja na meza ileile. Nyumba zote kumi na nne tulikuwepo. Wenzangu walikuwa wamenipa mimi nafasi ya kwanza kwa sababu najua kusoma, wakaniachia niseme nitakavyoona. Sikumwambia mtu nitakachosema. Niliona aibu, nikafikiri nitaeleza tukishashinda.

Kofia akauliza, chemchemi hii ni yako?

Nikasema, "Ni yangu. Nimeirithi kwa baba yangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Wifi yangu, na mtoto mgongoni, alinitazama kama mtu aliyekuta mkono wa ndugu yake ndani ya kikapu chake. Nikataka kumkonyeza, kumpa ishara, sijui ya nini. Akapita mbele yangu mpaka mezani.

"Kama ni yake, basi ni yangu," akasema. "Mtaro ule wa maji nimechimba mimi nikiwa na mimba."

Baada yake mfinyanzi, kwamba bila vyungu vyake pale ni tope tu. Baada ya mfinyanzi, kila mtu. Wazee niliowajua wapole wakaanza kusukumana, mmoja akamshika mwenzake shati, zikafukuliwa zamu za miaka thelathini iliyopita, nani alizidisha siku, nani alichota kabla ya jua kuchomoza. Watu wanane, tisa kwa pamoja, wote wanasema yangu, na Kofia kashindwa kutafsiri. Haikuwa na haja. Bwana alikuwa anacheka mpaka akavua miwani.

Akasema, na Kofia akatufikishia kwa furaha yake yote, "Mwezi wa kwanza hapakuwa na hata mmoja. Leo mko kumi na tatu. Watu hawa watasema lolote."

Tulikuwa kumi na tatu kwa sababu nyumba ya kumi na nne ni ya bibi yako. Alikuja wa mwisho, anaburuta mguu. Akaulizwa kama wengine, akajibu vilevile kama mwezi wa kwanza, si yangu, kwa sauti ya kawaida, kisha akaomba apishwe akakae. Hilo Bwana aliliandika mbio. Lilimfaa. Akapiga mhuri hapohapo.

Tangu siku hiyo hatusalimiani. Wanasema mimi na wewe tulipanga: wewe huko ofisini ukaiweka chemchemi isiwe na mtu, mimi huku niichukue. Wifi kaweka uzio wa matete kati ya mlango wake na wangu, na kila nyumba imeiga. Kijiji kizima kimekuwa vichochoro. Kwenye foleni ya Buti wanawake wanachongeana, huyu kaficha chumvi kwenye nguo, yule kafika kachelewa. Buti anasikiliza, anapenda sana. Watoto wameokota neno letu wanalichezea, huyu anashika jiwe anasema langu, yule anamrukia.

Kampuni inanichukiza. Bwana na kicheko chake ananichukiza. Lakini nikiamka asubuhi, kinachonichukiza kwanza ni mdomo wangu. Niliupa kazi moja tu ya kukataa, ukashindwa.

Sasa na mimi nikuambie nililonyamazia. Karatasi ya kwenye nguzo niliijua siku ileile. Nani alikufundisha herufi, kwa kijiti, juu ya majivu ya jiko la chumvi? Nilizijua zile zako zinazolala upande kama zimechoka. Nilikuuliza mara mbili nani aliyeandika, si kwamba sijui. Nilitaka useme mwenyewe, nikaona ukisema utaweza na kuja.

Shangazi yako

---

Agosti 19, 1932

Shangazi,

Shikamoo, kama bado naruhusiwa.

Nimeandika barua hii mara tano. Ni kweli ni mwandiko wangu. Ningeweza kukuambia karani hunakili tu anachopewa, na ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Lakini si hivyo tu.

Siku majibu yenu yalipoletwa, Bwana Mkubwa aliniita ofisini kwake. Akasema, wewe ni mtu wa huko, unawajua watu hawa, ni kweli pale hapana mwenyewe? Nilikuwa nimeyasoma yale majibu, nimemwona bibi humo, nimekuona na wewe. Nilijua kila kitu. Nilikuwa na muda wa kusema, alikuwa hana haraka, alikuwa anawasha kiko. Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Akacheka kidogo, nami nikacheka kidogo. Wiki iliyofuata nikapewa chumba chenye dirisha.

Unataka kujua kwa nini. Na mimi nataka kujua. Alivyosema "watu hawa" nilisikia mimi simo ndani yake, nikafurahi. Ni hilo tu. Ni furaha ya muda wa kiko kuwaka.

Na ruhusa haikukataliwa, shangazi. Sikuiomba. Nilikuambia useme yangu ili mimi nisije nikasema yangu ya moyoni mbele ya Bwana. Siku ya tarehe 28 nilikuwa mezani napiga mistari kwenye daftari, na nilipiga vizuri.

Sasa siwezi hata kujiangalia nikinyoa. Nimeamua kuacha kazi. Nitarudi nyumbani, nitaomba nafasi hata ya kupasua kuni, nitakaa kimya, nitamsaidia kila mtu kadiri ninavyoweza. Niruhusu nije.

Mwanao

---

Septemba 10, 1932

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Nimeiweka kwenye kibweta, sikuichoma. Nimechoka kuchoma barua zako.

Bibi yako anaendelea. Mtoto wa wifi ameota jino, nimewasikia tu majirani wakilitaja, maana uzio ule hauna mlango upande wangu. Zamani ningekuwa nimelishika kwa kidole.

Unasema utakuja ukae kimya utusaidie. Kimya chako tunacho tayari, kimejaa huku, hatuna pa kukiweka. Kuni za kupasua hakuna, Kampuni inachoma makaa. Na kama unakuja ili mimi nikuhurumie, nakuhurumia, nimekulea mwenyewe, lakini huruma hiyo haimfai mtu yeyote hapa kijijini, hata wewe haikufai.

Chemchemi imekwenda. Usije ukadhani nakuita kwa ajili yake. Kilichobaki ni nyumba kumi na tatu zinazoamini kwamba mmoja wetu aliianza tamaa ile kwa kupanga, zikaona na zenyewe zisibaki nyuma. Hazijui neno lile lilitoka wapi. Zinadhani lilikuwa ndani yetu siku zote, linangoja tu kuulizwa mara ya pili. Wengine wameanza kusema hata zile adabu za wazee zilikuwa unafiki. Hilo ndilo siwezi kulivumilia, kwa sababu Bwana yule alisema hivyohivyo akicheka, na sasa linasemwa na watu wetu wenyewe bila kucheka.

Kwa hiyo njoo. Njoo Jumamosi, asubuhi, wakati wa kupanga foleni na kadi, maana ni wakati pekee ambapo nyumba zote bado zinasimama mahali pamoja. Uje na viatu au bila viatu, sijali. Simama pale kwenye waya uwaambie Bwana Mkubwa alikuuliza nini na wewe ulimjibu nini. Waambie habari ya kiko, habari ya chumba, na kwamba hukuomba ruhusa. Kisha waambie neno lile mimi nilifundishwa, na aliyenifundisha ni nani, na kwa nini. Sema kwa lugha yetu, taratibu, usiruke kitu. Buti atapiga kelele, mwache. Watu wakikutemea mate, usijifute kabla hujamaliza.

Nitakuwepo. Mimi ni kadi namba tisa, nasimama karibu na nguzo. Ukiniona usije kwangu. Shikamoo yako nitaiitikia ukishamaliza kusema.

Shangazi yako